Mzigo Ambao Hukuagiza

Desemba imewadia, na pamoja na ofa za sikukuu zinaingia barua pepe zinazodai kwamba mzigo wako umekwama forodhani: lipia ada kidogo leo, usije ukarudishwa. Ada hiyo ni ndogo kwa makusudi. Anayelipa huandika namba ya kadi, tarehe ya kuisha muda wake na zile tarakimu tatu za nyuma, na hapo tapeli keshapata alichokitafuta.

Tazama anwani ya mtumaji, si jina lililoandikwa juu yake. Huenda herufi "o" imegeuzwa sifuri. Alama ya kufuli kwenye kivinjari nayo haitoshi. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi kama mwenye tovuti ni mwaminifu. Baya zaidi ni "risiti" iliyoambatishwa yenye mwisho wa .apk. Hiyo ni programu, si risiti. Ukiisakinisha na kuiruhusu isome ujumbe wako, itasoma hata namba za siri zinazotumwa na benki.

Tunawasihi wasomaji waandike wenyewe anwani ya duka badala ya kubofya kiungo. Ujumbe mfupi wa kitapeli upelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia namba 15040. Lakini jukumu la kujikinga wasiachiwe wanunuzi peke yao. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, nayo itumike. Benki na kampuni za simu nazo zinapaswa kuzuia muamala wenye shaka saa ile ile mteja anapopiga simu, hata ikiwa ni mkesha wa Krismasi.