Bukavu: Maji ya paa yanachimba msingi wa nyumba, na mwenye nyumba anayatazama

Kila mara mvua kubwa inaponyesha usiku huko Kadutu, asubuhi wakaaji hutoka nje kuangalia kilichobaki. Ngazi ya mlangoni ambayo jana ilikaa juu ya udongo, leo inaning'inia. Mawe ya msingi yanaonekana yote, na chini yake pana nafasi ambamo kuku anaweza kuingia. Mwenye nyumba anajaza udongo, anapanga magunia mawili ya mchanga, anakanyaga kanyaga, kisha anakwenda kazini. Mvua inayofuata inachukua kwanza udongo huo huo, sababu haujashikamana na kitu chochote.

Siku ukuta unapopasuka, lawama inakwenda kwa mvua, kwa mlima na kwa serkali. Serkali ina deni lake katika jambo hili. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayokula msingi haitoki mbali: yameanguka juu ya paa la nyumba ile ile.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 10 lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo linapokea lita 4,000, yaani bidoni 200 za lita 20. Hakuna mkaaji wa Bukavu ambaye angekubali jirani aje kumwaga bidoni 200 kwenye mguu wa ukuta wake. Paa linafanya hivyo kwa muda mfupi, tena juu ya mistari miwili myembamba tu, pale manjanja yanapoishia. Udongo uliopasuka kwa jua la kiangazi unakunywa maji hayo mpaka unalainika, halafu unateleza.

Kinachouma zaidi ni kwamba katika nyumba hiyo hiyo watoto huamshwa alfajiri kutafuta maji sababu bomba limekauka. Familia inanunua bidoni ya maji asubuhi, baada ya kuacha bidoni 200 zishuke bure usiku pamoja na udongo wa uwanja. Gutieri ya bati na pipa moja vinafanya kazi mbili kwa mara moja. Ni kweli pipa la lita 200 linajaa haraka. Ndiyo sababu inaomba kuweka bomba la kuongoza maji yanayozidi hadi kwenye mtaro, siyo kuyaacha yamwagike pale pale pipa liliposimama. Wengi wanasahau sehemu hiyo ya mwisho, kisha wanasema gutieri haina faida.

Mafundi nao wasemwe. Ukuta wa kushikilia udongo ukijengwa kwa mawe na simenti bila matundu ya kupitisha maji, ni bwawa. Maji yanajikusanya nyuma yake, udongo unakuwa mzito, ukuta unasukumwa, na siku moja unaangukia nyumba ya chini pamoja na udongo wote uliokuwa unauzuia. Mabomba mafupi yanayopita ndani ya ukuta, na changarawe nyuma yake, ni kazi ndogo ukilinganisha na ukuta wenyewe. Lakini mteja haulizi, basi fundi haviweki. Ni hivyo pia kwa shimo la kumeza maji: kwenye tambarare linasaidia, kwenye ukingo wa mteremko linaingiza maji ndani ya tumbo la mlima.

Kando ya msingi panahitaji udongo ulioshindiliwa vizuri na kuinamia upande wa nje, na mwenye uwezo aweke juu yake ukanda mwembamba wa mawe na simenti. Panapobaki pawe na majani. Kuna desturi ya kufagia uwanja mpaka ung'ae, bila hata jani moja. Unapendeza, ila udongo ulio wazi ndio wa kwanza kuondoka. Kwenye milima ya Kivu wakulima hupanda tripsacum na setaria kwenye kingo za mashamba, yashikilie udongo na kulisha mifugo. Mjini majani ya namna hiyo yanang'olewa kama takataka.

Jambo linakuwa gumu pale jirani anapoingia. Bukavu ni mji wa kupanda na kushuka: paa la mmoja liko sawa na miguu ya mwingine. Anayeyatoa maji kwenye msingi wake na kuyaelekeza kwa jirani wa chini hajatatua kitu, amehamisha korongo. Ugomvi wa namna hiyo ukifika kwa kiongozi wa mtaa, unaamuliwa parseli kwa parseli, wakati maji hayajui mpaka wa parseli. Inaomba avenyu nzima ikubaliane njia moja ya maji, kutoka nyumba ya juu kabisa hadi mtoni, na kila mmoja ajue pale maji yake yanapoingia.

Na hapo ndipo deni la serkali lilipo. Mwaka 2025 gazeti la kisayansi Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliohesabu makorongo 2,922 ndani ya miji 26 ya Kongo, na zaidi ya watu 118,000 waliopoteza makao yao kati ya mwaka 2004 na 2023. Mengi ya makorongo hayo yanahusiana na barabara, sababu barabara isiyo na mtaro inakusanya maji ya mapaa yote na kuyaachilia mahali pamoja. Mkaaji hawezi kuzuia mto huo kwa magunia. Anayetoa karatasi za kujenga juu ya mteremko mkali, na anayefungua barabara bila kuonyesha maji yataishia wapi, wanapaswa kujibu kama mwenye nyumba anavyojibu.

Mpangaji atasema nyumba siyo yake, kwa nini anunue gutieri? Ana haki. Mwenye parseli anayepokea pesa ya kodi kila mwezi ndiye wa kuulizwa, na kiongozi wa mtaa anamjua hata kama anaishi mbali. Salongo ya Jumamosi nayo ingekuwa na faida zaidi kama, badala ya kufagia barabara tu, watu wangezibua mtaro wa avenyu na kuondoa chupa na mifuko ya plastiki iliyojaa ndani.

Kiangazi kinaanza mwezi wa sita na kwisha mwezi wa nane. Ndio wakati udongo umekauka, simenti inashika vizuri, na kila mtu anaweza kuona pale maji ya mwaka jana yalipopita, sababu alama zake bado ziko ukutani. Anayengoja mwezi wa tisa atachimba mtaro wake ndani ya matope, mvua ikimnyeshea mgongoni.