Mzee aliweke pondo chini lini?

Likizo ya Desemba ikifika, wengi wanaoishi Mombasa, Nairobi na miji mingine hufunga mizigo na kurudi nyumbani. Kwa watu wa Ndera, katika kaunti ya Tana River, safari hiyo hupitia Malindi na Garsen, kisha hufuata mto Tana kuelekea juu. Huko ndiko baadhi yao hukuta jambo la kuwatia wasiwasi: baba aliyepita miaka 70 bado anasimama kwenye mtumbwi, pondo mkononi, akivusha abiria, magunia ya mahindi na vikapu vya maembe, vile vile alivyofanya wao wakiwa watoto.

Swali huzuka papo hapo. Mzee huyu aendelee hadi lini? Na nani mwenye haki ya kumwambia aache?

Mpenzi msomaji, jambo hili kwa kawaida hushughulikiwa kwa njia mbili, na zote ni mbaya. Wako wanaonyamaza kwa heshima mpaka siku mtumbwi unapopinduka. Wako pia wanaotoa amri kwa simu kutoka mjini: "Baba, kuanzia leo usiuguse mtumbwi." Kila mtoto ana amri yake, na nahodha wengi chombo huenda mrama. Maoni yangu ni kwamba mzee aache kwa hatua, akianza na mzigo na abiria, na aamue mwenyewe mapema, angali na nguvu za kuamua.

Yafaa kwanza tuelewe kinachotokea mwilini. Kusimama kwenye mtumbwi mwembamba ni kazi ya viungo vinne kwa pamoja: macho, sikio la ndani, nyayo na misuli ya mapaja. Uzee hupunguza nguvu za vyote, lakini polepole, na mwenyewe huenda asitambue. Mwenye ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi anaweza kupata ganzi miguuni, akawa hahisi vizuri chombo kinavyoegemea. Anayemeza dawa za presha huweza kupatwa na kizunguzungu anapoinuka ghafla. Mtoto wa jicho naye huufanya mwanga wa jua juu ya maji kuwa mkali kupita kiasi, hasa asubuhi na jioni, saa ambazo watu wengi huvuka. Isitoshe, masikio yakififia, mzee hatasikia kiboko akikoroma wala kijana akimwonya kutoka ukingoni.

Mto nao hauna huruma na uzee. Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, kama kilomita 1,000, na maji yake hutoka milimani mbali sana na Ndera. Mvua ikinyesha kwa wingi huko juu na mabwawa kama Masinga, lililokamilika 1981, yakafurika, maji huja kuongezeka huku chini hata kama Garsen kumekauka. Wenyeji hawajasahau mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale yaliyofuatana mwishoni mwa 2023 na katika masika ya 2024. Nyakati kama hizo mkondo hubadilika, magogo huelea, na pondo lililozoea kugusa chini halifiki. Uzoefu wa miaka 50 una thamani kubwa hapo, kwa sababu mzee anaujua mto kuliko kijana yeyote. Lakini kujua la kufanya ni jambo moja, na mkono kuwahi kulifanya ni jambo jingine.

Kwa hivyo tutazame dalili, tusihesabu miaka tu. Yuko mzee wa miaka 78 aliye imara kuliko jirani yake wa 62. Jiulize haya: Je, mzee ameanza kushika ukingo wa mtumbwi anapopanda, na zamani hakushika? Je, hufika upande wa pili chini zaidi ya pale alipokusudia? Je, huhema sana au kushika kifua akimaliza kuvusha? Maumivu ya kifua hayangoji mashauri ya familia; siku hiyo hiyo apelekwe hospitali. Je, ameanguka hata mara moja katika miezi 12 iliyopita, iwe nyumbani au shambani? Je, abiria wanaomjua wameanza kungoja mtumbwi wa mtu mwingine?

Kuna kipimo rahisi kinachotumiwa na wahudumu wa afya, nacho chaweza kufanyiwa uani. Mzee aketi kwenye kiti kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mfululizo kwa sekunde 30. Mtu aketi karibu naye asije akaanguka. Mwanamume wa miaka 70 hadi 74 asipofikisha mara 12, miguu yake imepungua nguvu kuliko ya wenzake wa umri huo. Kwa mwanamke wa umri huo ni mara 10. Kipimo hiki si hukumu. Ni sababu ya kumwona daktari na kuanza mazungumzo.

Mazungumzo yenyewe yafuate mpango wa hatua. Hatua ya kwanza ni kuacha kuvusha mto ukiwa umejaa, na usiku. Ya pili ni kuacha mizigo mizito, kwa kuwa gunia la kilo 90 likisogea upande mmoja, anayepaswa kulisawazisha ni mwenye pondo. Ya tatu ni kuacha abiria, hasa watoto na akina mama waliobeba wachanga. Mtu mzima ana haki ya kuhatarisha maisha yake kidogo apendavyo, lakini abiria amemkabidhi ya kwake. Ya nne ni kutovuka peke yake: mjukuu ashike pondo, mzee aketi na kafi na kuelekeza. Mwisho kabisa ndipo aache mtumbwi wenyewe, na huenda siku hiyo ikawa mbali. Katika hatua zote hizi, nunueni jaketi za kujiokolea. Jaketi moja ni zawadi bora ya Desemba kuliko koti la tatu.

Aidha, kusimama kwa muda si kuacha milele. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na wengi huona vizuri tena baada yake. Dawa ya presha inayoleta kizunguzungu yaweza kubadilishwa, lakini na daktari, si kwa mzee kuitupa mwenyewe. Miguu dhaifu hupata nguvu kwa mazoezi ya kila siku, hata baada ya miaka 70. Basi mpeleke akapimwe kabla ya kumnyang'anya kazi.

Nasema kazi kwa makusudi. Nauli za kivukoni ndizo chumvi, sukari na dawa za nyumba. Mpango wa serikali wa Inua Jamii ulianza mwaka 2018 kuwapa Sh2,000 kwa mwezi wazee waliotimiza miaka 70, lakini fedha hizo hazijazi pengo la riziki ya kila siku. Anayemtaka baba aache kuvusha basi na aseme atatuma kiasi gani, na atume. La sivyo, maneno yake ni kelele. Na ikiwa kauli ya mtoto itamkera, mwombeni mzee mwenzake anayemheshimu, au wazee wa Gasa, wazungumze naye. Neno la rika huingia pale neno la mwana lisipoingia.

Wewe msomaji wa mjini usijione umesalimika. Umri unaolegeza mkono wa mwenye pondo ndio unaolegeza mguu wa mwenye breki. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja, umeshafika. Mwanamfalme Philip wa Uingereza aliendelea kuendesha hadi Januari 2019, akiwa na miaka 97, gari lake lilipogongana na jingine na kupinduka. Mwanamke aliyekuwa katika gari la pili alivunjika kifundo cha mkono. Mwezi uliofuata ndipo alipoirudisha leseni. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila ulikuja baada ya ajali. Nawe anza kwa kuacha safari za usiku, kisha mizigo mizito, kisha barabara kuu.

Kwa mzee wa Ndera, bado kuna mengi baada ya pondo. Atafundisha vijana kusoma rangi ya maji, atawaonyesha mahali mamba hupenda kulala, ataamua siku gani kivuko kifungwe. Mjukuu anayevusha watu salama kwa maelekezo yake ni kazi yake pia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.