Takwimu za ukame Kajiado ziwafikie wasioona pia

UKAME ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mapema 2023 uliwafunza wafugaji wa Kajiado kwamba habari ikifika mapema huokoa mali. Aliyetambua kuwa malisho yanapungua aliuza ng'ombe wangali wanono. Aliyechelewa aliambulia ngozi.

Habari hizo hutolewa kila mwezi na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) katika taarifa ya kaunti. Mvua, hali ya malisho na bei ya mifugo huchorwa kwa grafu, nazo ramani hupakwa rangi kuonyesha maeneo yaliyoathirika. Mwenye macho hutazama mara moja akaelewa. Je, asiyeona?

Zipo programu zinazomsomea maandishi kwa sauti katika simu na kompyuta. Mojawapo, NVDA, ilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na hutolewa bila malipo. Hata hivyo, programu hizi hutegemea maandishi. Grafu ikibandikwa kama picha tupu, msikilizaji huambiwa tu kuwa hapo pana picha. Naye mwenye uoni hafifu hutatizika iwapo tofauti ya hali imeonyeshwa kwa rangi pekee.

Suala hili si la watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 330,000 wenye matatizo ya kuona. Kajiado, iliyokuwa na wakazi 1,117,840, ni miongoni mwa kaunti ambazo zimesumbuliwa kwa miaka mingi na trakoma, ugonjwa unaoweza kupofusha.

Mjini Kitengela, ambako sensa hiyo ilipata zaidi ya wakazi 150,000, hitaji ni lile lile ingawa takwimu ni nyingine. Mkazi anayetaka kujua fedha za barabara, maji au zahanati zimegawanywaje hukutana na michoro ya bajeti.

Ni kweli kwamba taarifa za ukame huwa na maelezo kando ya grafu. Lakini muhtasari humpa msomaji kile ambacho afisa ameona kinafaa kutajwa. Mwenye macho anaweza kuitazama grafu na kumpinga afisa huyo. Asiyeona hulazimika kuamini. Hapo ndipo haki inapopotea, hasa fedha za umma zinapohusika.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, nacho cha 54 kinawahakikishia walemavu njia za mawasiliano zinazowafaa.

Utekelezaji hauhitaji mamilioni ya pesa. Kila grafu huzaliwa na jedwali la nambari, na jedwali hilo tayari limo katika kompyuta ya aliyeichora. Lichapishwe pamoja na grafu, kwa maandishi yanayosomeka na programu. Badala ya kuandika "Mchoro wa 4", kichwa kiseme wazi kwamba bei ya mbuzi imeshuka kwa miezi mitatu mfululizo. Hali ya tahadhari iandikwe kwa jina juu ya ramani, isiachiwe rangi.

Atakayefaidi si asiyeona pekee. Mtangazaji wa redio ya Kimaasai atapata sentensi na nambari za kuwasomea wafugaji walioko malishoni, ambao wengi wao hawajawahi kuiona grafu yoyote.