Kipimo Kwanza, Balbu Baadaye

MIZANI YA BARABARANI
Na Athumani Mwinyihaji

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, gari lililofungwa taa za mbele zisizo za kiwandani linapoanza kuleta hitilafu, iwe ni taa moja kugoma, zote mbili kupepesa au fyuzi kuungua kila zinapowashwa, tiba ya kwanza inayotolewa ni kununua balbu nyingine, na hiyo ikishindwa hununuliwa ya tatu. Utaratibu huo humgharimu mwenye gari, huacha chanzo cha tatizo mahali pake, na humrudisha dereva barabarani usiku akiwa na chombo ambacho hakijapona. Hitilafu ya taa hutafutwa kwa kipimo, hatua kwa hatua, kuanzia kwenye betri hadi kwenye balbu, na kazi ya kukisia haistahili kuitwa ufundi.

Umeme wa taa za mbele hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye rilei, ambayo ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kuruhusu umeme mkubwa upite, hufika kwenye soketi na balbu, na hatimaye hurudi kwenye ncha hasi ya betri kupitia bodi ya gari. Njia hiyo yote hupangwa na kiwanda kwa mzigo maalumu. Balbu ya halojeni ya aina ya H4, iliyoanza kutumika mwaka 1971 na ambayo bado imo katika magari mengi yanayoingizwa kutoka Japani, ina nyuzi mbili, mmoja wa wati 60 kwa mwanga wa juu, ambao madereva huuita fuli, na mwingine wa wati 55 kwa mwanga wa chini, yaani dimu. Kwa umeme wa volti 12, uzi wa wati 55 huvuta takriban ampea 4.6. Mtu anapobadilisha balbu hubadilisha pia mzigo huo, ukawa mkubwa kupita kiasi au mdogo kupita kiasi, na kila upande una maradhi yake.

Mzigo mkubwa huletwa na balbu za halojeni za wati 100 kwa 90, ambazo huuzwa kwa ahadi ya mwanga mkali zaidi. Balbu mbili za aina hiyo zikiwashwa fuli huvuta zaidi ya ampea 16 badala ya 10, na kwa kuwa joto linalozalishwa ndani ya waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo wa umeme, waya uleule hulazimika kubeba karibu mara tatu ya joto lililokusudiwa. Fyuzi ya ampea 15 ikiungua katika hali hiyo huwa imetimiza wajibu wake, kwa maana imekatika ili waya usiungue. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuiziba nafasi yake kwa kipande cha waya, ni kuhamisha hatari kutoka kwenye kifaa cha bei ndogo kwenda kwenye soketi, swichi na nyaya zilizofichwa nyuma ya dashibodi, ambako plastiki huyeyuka na moto unaweza kuanza. Anayeshikilia balbu za namna hiyo hana budi kufunga rilei na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, wenye fyuzi yake, ingawa hata hapo kioo na kiakisi cha taa huweza kuharibika kwa joto.

Mzigo mdogo huletwa na balbu za LED, ambazo kwa kawaida huvuta chini ya nusu ya umeme wa halojeni. Magari mengi ya Ulaya, na baadhi ya magari mapya ya Kijapani, yana kompyuta inayopima umeme unaokwenda kwenye kila taa, hivyo inapokuta umeme kidogo huhitimisha kwamba balbu imekufa, ikawasha onyo kwenye dashibodi au ikakata umeme kabisa. Kompyuta hizo mara nyingi hutuma umeme kwa vipande vya haraka vinavyowaka na kuzima, ambavyo uzi wa halojeni hauvionyeshi kwa sababu hubaki na joto, lakini LED huvionyesha kwa kupepesa. Tatizo lingine ni mwelekeo wa umeme, kwa kuwa LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Katika magari mengi ya Toyota yanayotumia H4, swichi ya kuchagua fuli na dimu imewekwa upande wa hasi, tofauti na magari mengine ambayo swichi yake iko upande wa chanya, na kwa hiyo LED isiyotengenezwa kwa mpangilio huo hugoma, au huwaka huku taa ya buluu ya dashibodi inayoonyesha fuli ikibaki imezima. Kununua balbu nyingine ya aina ileile hakuwezi kuponya lolote kati ya hayo.

Uchunguzi sahihi huanza kwa kurudisha balbu ya halojeni ya wati zilizoagizwa na kiwanda. Ikiwaka vizuri, mfumo wa gari ni mzima na kasoro iko kwenye taa mpya au katika kutopatana kwake na gari. Isipowaka, kasoro imo ndani ya gari na inafuatwa kwa mpangilio: fyuzi, rilei, swichi, soketi, kisha njia ya kurudi kwenye bodi. Kipimo cha volti kichukuliwe taa ikiwa imewashwa, kwa sababu waya uliobakiwa na nyuzi chache tu huweza kuonyesha volti 12 kamili pasipo mzigo, kisha volti hizo zikaporomoka mara balbu inapodai umeme. Upande wa hasi nao upimwe kati ya ncha ya balbu na ncha ya betri, na iwapo kipimo kinazidi sehemu chache za kumi za volti, panapoungana waya na bodi pana kutu, uchafu au skrubu iliyolegea, jambo la kutarajiwa katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula chuma mwaka mzima. Upotevu huo si wa kupuuzwa, kwani balbu ya halojeni inayopata asilimia 90 ya volti zake hutoa takriban asilimia 70 tu ya mwanga wake, na madereva wengi wanaolalamikia taa hafifu wangepona kwa kusafisha ungio moja.

Hata hivyo, taa kuwaka si ushahidi kwamba inafanya kazi yake. Kiakisi cha taa ya halojeni kimechongwa kwa kufuata mahali hasa ulipo uzi wa balbu, na chanzo cha mwanga kikisogea kidogo tu, mwanga hutawanyika na kuingia machoni mwa dereva anayekuja. Vilevile, taa za nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya, Uganda na Japani, huinua sehemu ya dimu upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara, ilhali za nchi zinazoendesha kulia huinua upande wa kulia. Taa iliyotengenezwa kwa soko la Falme za Kiarabu au Marekani ikifungwa Dar es Salaam huwapiga wengine machoni, kama vile gari la Japani linavyofanya Bujumbura au Bukavu lisiporekebishwa. Kwa sababu hiyo, taa ikishafungwa sharti ielekezwe upya: katika umbali wa mita 10 kutoka ukutani, ukomo wa juu wa dimu uwe angalau sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe.

Nchi zinazofuata kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari huweka alama ya herufi E ndani ya duara, ikiambatana na namba ya nchi iliyoidhinisha, kama 1 kwa Ujerumani na 43 kwa Japani. Ujerumani yenyewe iliporuhusu balbu za LED za kuwekwa mahali pa halojeni mwaka 2020, iliziruhusu kwa aina maalumu za taa na magari yaliyokwisha kupimwa. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yanapaswa kudai alama hiyo katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na Kirinyaga Road kwa ukali uleule yanaoutumia kwa bidhaa nyingine za usalama. Mwenye gari naye amwombe fundi aonyeshe kipimo kabla ya kuonyesha bei, na yule asiye na mita ya kupimia umeme asiruhusiwe kugusa taa za gari litakalosafiri usiku.