Breki ya Nyuma Kwanza, Mbwembwe Baadaye



Toleo lililopita mlisoma tangazo la kamati. Kuanzia sasa ni marufuku mwanachama kuja na pikipiki ya spoti kwenye shughuli yoyote ya chama, na atakayeonekana akifanya "uhuni wa tairi moja" atafutwa uanachama. Mimi sikubaliani na tangazo hilo. Lakini kabla sijasema kwa nini, lazima nikiri kitu. Usiku uliolileta tangazo nilikuwepo, na si kuwepo tu, simu iliyokuwa inarekodi ilikuwa yangu.

Wengi mmeshasikia, kila mtu na toleo lake. Ilikuwa Desemba, baada ya pilau ya kufunga muhula. Ticha (sisi kijiweni ndivyo tunavyomwita, anapenda kufundisha watu vitu asivyovijua) alikuwa na wiki tatu tu tangu anunue Yamaha R6 iliyotumika. Tukatoka kundi zima mpaka kwenye maegesho nyuma ya maghala, saa nne usiku, baridi kali, akaanza kutuonyesha wili, yaani kunyanyua tairi la mbele na kwenda na la nyuma peke yake. Helmeti alivaa, nisimsingizie. Chini alikuwa na jinzi, na mikononi glavu za sufi alizonunua sokoni.

Mara ya kwanza tairi lilipanda kidogo tu, tukashangilia. Mara ya pili na ya tatu likapanda zaidi, na sisi tukapandisha sauti: "Ongeza kaka! Ongeza!" Mimi ndiye niliyemwambia haijaonekana vizuri kwenye simu, arudie. Ya nne ilipanda moja kwa moja bila kusita, pikipiki ikamtoka miguuni, yeye akaangukia mgongo, na mashine ikalala ubavu ikaja na cheche zake mpaka pale tulipokuwa tumesimama. Ticha alivunjika mtulinga. Dada mmoja wa Kampala, wa mwaka wa kwanza, aliyekuja kwa ajili ya pilau na pikipiki hata hazipendi, alivunjika kifundo cha mguu na mitihani ya Januari hakufanya.

Kamati inasema tatizo ni pikipiki. Mimi nasema tatizo ni kwamba pale hapakuwa na hata mmoja wetu, Ticha akiwemo, aliyejua kitu kile kinafanyikaje.

Hebu tukiangalie. Ukikaza moto, tairi la nyuma linasukuma mbele huku uzito wako na wa mashine ukirudi nyuma, na mbele kunakuwa kwepesi. Kwa pikipiki yenye nguvu za farasi zaidi ya 100 na uzito usiofika kilo 200, kuinyanyua hakuhitaji ufundi wowote. Gia ya kwanza, moto kidogo, unaachia klachi ghafla, imepanda. Huko juu kuna mahali ambapo pikipiki inajisimamia yenyewe, haitaki kushuka wala kupinduka, na mafundi wa mchezo huu hapo ndipo wanapopatafuta, kwa sababu ukishapafikia huna haja ya kuongeza mwendo. Mwanafunzi hapajui. Akipapita kidogo tu, kuachia moto pengine hakutoshi tena, kinachomrudisha chini ni breki ya nyuma. Ukiikanyaga, mbele kunashuka. Ndiyo siri yote, wala si siri.

Ile video ninayo, na nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Mguu wa kulia wa Ticha umening'inia nje, mbali kabisa na breki, toka mwanzo hadi mwisho.

Kinachoniuma ni kwamba jamaa alijifunzia kwenye Boxer ya mjomba wake kule Mwanza, na kule mguu wa kulia unaishi juu ya breki. Alipofika hapa Uingereza akafundishwa, na ni kweli kabisa, kwamba barabarani kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki ya spoti inafanywa na breki ya mbele. Basi akaisahau ya nyuma kana kwamba ni kitu cha bodaboda. Na msidhani mwoga yuko salama zaidi. Yeye akishtuka anaachia moto wote kwa mkupuo, tairi la mbele linatua kwa kishindo, na kama limepinda hata kidogo usukani unaanza kutikisika kushoto kulia kama mbuzi anayekataa kamba.

Sasa wapo wanaosema huu si ufundi, ni uhuni tu wa vijana wenye mashine kubwa. Wazee wangu, mwaka 1984 Mmarekani mmoja aitwaye Doug Domokos alikwenda maili 145 kwa tairi moja kwenye uwanja wa mashindano wa Talladega, hakushusha mpaka mafuta yalipokwisha. Mwaka 2017 Mjapani Masaru Abe alikwenda zaidi ya kilomita 500, kazi ya saa 13, tena kwa skuta ndogo ya Yamaha ambayo huku wengine mngeona aibu kwenda nayo dukani. Na mliotazama filamu ya Avengers ya mwaka 2015, yule mwanamke anayechezesha pikipiki kwa niaba ya Scarlett Johansson ni Mfaransa, Sarah Lezito, na hiyo ndiyo kazi yake. Skuta! Nguvu ya injini inanyanyua tairi, lakini haikufundishi kukaa huko juu.

Nisieleweke vibaya, simtetei Ticha. Karatasi aliyokuwa nayo ni ile ya mafunzo ya siku moja, CBT, ambayo inakuruhusu pikipiki isiyozidi sisi 125 na yenye kibao cha L. R6 ni sisi 600. Maana yake bima aliyolipia ilikuwa karatasi ya kufungia maandazi, na kupatikana bila bima hapa ni faini ya pauni 300 na pointi 6 kwa kuanzia, na polisi wanaweza kuichukua mashine. Sheria yao haina neno wili. Inakushika kwa uendeshaji wa kizembe au wa hatari, na ule wa hatari unaweza kufika kifungo cha miaka 2. Msijidanganye kwamba maegesho si barabara, sheria inasema barabara au mahali pengine popote pa umma. Sisi wa visa tuna la ziada, kwamba tangu sheria ya mwaka 2007, mgeni akihukumiwa miezi 12 au zaidi, kufukuzwa nchini ndiyo kawaida na kubaki ndiyo bahati. Fikiria unampigia simu mama Tanga, shamba limeuzwa kwa ajili ya ada yako, unamwambia narudi. Kisa? Tairi la mbele.

Lakini marufuku ya kamati inafanya nini? Wiki mbili baada ya tangazo, vijana watatu (siwataji, wanajijua) walikuwa maghalani kule kule, ila safari hii wamekwenda saa sita usiku na hawakumwambia mtu. Kwa hiyo tumetoka kwenye hatari yenye mashahidi tumeingia kwenye hatari isiyo na hata mtu wa kupiga 999.

Mimi mwezi wa tatu niliamua kwenda kujifunza. Wapo watu hapa Uingereza wanaofundisha wili kwenye viwanja vya ndege vya zamani, mahali palipofungwa, kwa pikipiki zao wenyewe. Bei ilikuwa kama zamu mbili za ghalani, na kwa sisi wa saa 20 kwa wiki hizo si hela ndogo, nakubali. Mwalimu, mzee mmoja mwenye mvi na tumbo lake, alitupa pikipiki ndogo iliyofungwa kifaa cha kukata moto ikipanda kuzidi kiwango. Saa nzima ya kwanza hatukunyanyua kitu. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa pole na kukanyaga breki ya nyuma, kwenda na kukanyaga, mpaka mguu ukawa unakanyaga wenyewe bila kuulizwa. Nilichoka nikaona nimeibiwa. Baadaye tairi lilipopanda kweli mara ya kwanza, moyo ukanipanda mdomoni, na kabla sijawaza lolote mguu ulikuwa umeshakanyaga na tairi limeshuka chini. Nilikaa pale kwenye lami nikamkumbuka Ticha. Saa moja tu ya kuchosha, ndiyo iliyokosekana.

Mpaka jioni nilikuwa nafika mita 15 hivi. Kwa video ni kichekesho. Mimi nilirudi kwenye basi natabasamu peke yangu kama mtu aliyepewa mchumba.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ombi langu ni hili, na nimeliandika pia kwa katibu. Lifute tangazo. Badala yake, ile fungu la nyama choma ya kiangazi, tuchukue nusu yake tulipie siku moja ya mafunzo kwa wanachama wanaotaka, wao waongeze kilichobaki mfukoni mwao. Nyama tutakula kidogo, hatutakufa. Anayetaka kwenda awe na leseni yake halali, buti na glavu za kweli, na atie sahihi kwamba hatafanya mchezo huu mahali pa umma. Atakayekiuka, hapo mfukuzeni, nitanyanyua mkono wa kwanza. Na sisi watazamaji tuwe na sharti letu: hakuna kusimama pembeni na simu kumwambia mtu arudie. Hilo najiandikia mimi mwenyewe kwanza.

Mpaka naandika haya tuna majina sita. Ticha ameuza R6 kwa hasara, amesema atakuja kama bega litakubali. Yule dada wa Kampala nilimwonyesha karatasi tulipokutana maktaba. Akaisoma yote taratibu, akauliza watazamaji wanakaa wapi. Nikamwambia nyuma ya uzio, mbali na njia. "Mbali kiasi gani?" Nikamwonyesha, kutoka pale tulipokaa mpaka mlangoni, halafu mara mbili yake. Akanirudishia karatasi, akasema atafikiria.