Saburi Si Kunyamaza

Baadhi ya wahubiri wetu humwambia mama aliyefutwa kazi, na ambaye karo ya wanawe haijalipwa, asinung'unike bali awe na saburi. Neno hilo wanalidhulumu. Katika Warumi 5, Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952 yatumia "saburi" kufasiri neno la Kiyunani hupomone, lililoundwa kwa viambajengo viwili: "chini ya" na "kukaa". Anayekaa chini ya mzigo hajauridhia; amekataa tu kuutoroka. Ayubu, ambaye twamsifu kwa uvumilivu (nashuku kama sote tumemsoma), alilalamika sura baada ya sura, tena mbele ya Mungu mwenyewe. Lakini hakumwacha. Basi mama huyo na aachwe alie kanisani, nao washirika wamchangie karo.