Zari, Diamond na Fantana: Umechagua Team, Lakini Umesahau Watu Wawili

Wueh! Kama uko Kiogoro, hapo Nyaribari Chache, na bado mnabishana kwa stage ya boda nani alikosea kati ya Zari Hassan na Diamond Platnumz, tulia kwanza. Hii kesi tumeisikiza na sikio moja.

Wacha nikukumbushe. Young, Famous & African ilianza Netflix Machi 2022. Msimu wa 2 ukatua Mei 2023, na hapo ndio moto uliwaka. Diamond akaanza kukatia Fantana, msanii wa Ghana, wakabusiana kamera zikiwaka, na Zari, mama ya watoto wake wawili, hakufurahia hata kidogo. Maneno yakarushwa. Nasi mtandaoni tukagawanyika kama mechi ya Shabana na Gor Mahia.

Lakini cheki. Hawa waliachana kitambo. Zari mwenyewe alitangaza siku ya Valentine 2018, na picha ya ua jeusi Instagram. Sasa miaka mitano baadaye wanafanya nini meza moja?

Wako kazini, buda. Show kama hii haihitaji script, inahitaji party. Unaita ex, unaita manzi mpya, unawaweka pamoja, kisha unangoja. Maisha ya kawaida, mtu akiboeka anashika boda anaenda kwao. Huku ukienda, umeacha kazi. Na moto ukipoa, anaongezwa mtu: msimu wa 3, Januari 2025, bwana wa Zari, Shakib, naye akaingia kwa stori.

Sina shida na hao wakubwa. Walitia sahihi wakijua. Shida yangu ni Tiffah, aliyezaliwa Agosti 2015, na Nillan, wa Desemba 2016. Busu la Fantana likitoka, mmoja alikuwa na miaka 7, mwingine 6. Hiyo umri hutii sahihi ya kitu. Hata hapa Kenya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka mzazi akubali kwanza kabla habari za mtoto zitumike. Poa. Na mzazi akiwa ndiye anauza stori?

Wazee wa Gusii walikuwa wameliona hili kabla ya Netflix. Waliliita chinsoni, zile sheria za heshima kati ya mzazi na mtoto: mambo ya mapenzi ya mzazi hayafiki masikio ya mtoto. Si ati walikuwa malaika. Watu waligombana, tena vibaya. Lakini walichagua nani wa kusikiza. Wazee walikaa, kila mtu akasema yake, na watoto hawakuwa hapo.

Sasa fungua simu yako. Kuna msee anachoma ex wake TikTok Live, anataja mpaka mambo ya kitanda. Mtoto wao yuko Grade 4, na wenzake wanashika simu za wazazi kila jioni. Kesho shuleni, ni nani atajibu hayo maswali?

Zari na Diamond angalau hiyo ni job. Wewe unaanika mama ya mtoto wako kwa status bure, na bundles ni zako.

Kwa hivyo mkirudi stage, niandikeni Team Tiffah na Nillan. Wewe uko wapi?